Aliyepigwa na Aliyepigiwa: Lugha ya Kuhakiki Picha kwa Mifano ya Voi na Taita Taveta

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kujijengea nyumba yake. Tangu miaka ya 1970, istilahi za fani na maudhui zimeenea katika vyuo na shule za sekondari hata mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuzitumia bila kusitasita. Ushairi umehakikiwa, riwaya imehakikiwa, tamthilia imehakikiwa. Hata hivyo, ipo sanaa moja ambayo siku hizi inatendwa na watu wengi zaidi kuliko hizo zote tatu zikijumlishwa pamoja, nayo haijapata uhakiki wa maana katika lugha yetu. Sanaa hiyo ni ya kupiga picha. Kila mwenye simu ya mkononi ni mpiga picha, na kila mpiga picha huwaonyesha wenzake alichokipiga, akangoja waseme neno. Neno hilo ndilo tunalolichunguza hapa.

Makala haya yanakusudia kwanza kutazama lugha ya Kiswahili yenyewe inatupa nini cha kuhakikia picha. Pili, kuzihakiki kwa uwazi baadhi ya picha mashuhuri zilizopigwa katika nchi ya Tsavo. Na tatu, kupendekeza jinsi ya kumwambia mtu ukweli juu ya picha yake bila kumdanganya wala kumvunja. Mifano yetu tumeichagua kutoka Voi na Taita Taveta kwa sababu iliyo wazi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya jimbo hilo imo ndani ya mbuga za Tsavo, na kwa muda unaozidi karne moja wageni wamekuja hapo na kamera zao. Ni nchi iliyotazamwa sana. Swali letu ni iwapo imetazamwa vizuri, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba haikutazamwa vizuri.

2. Maneno tuliyo nayo

Yafaa tuanze na neno uhakiki lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno haki na hakika. Kuhakiki jambo, kabla ya neno hilo kuchukuliwa na wanafasihi, kulikuwa ni kulithibitisha: mtu huhakiki habari, huhakiki hesabu, huhakiki mzigo bandarini. Kwa hiyo anayehakiki picha hatakiwi kwanza kusema kama anaipenda. Anatakiwa kuhakikisha kilichomo, kwa macho yaliyotulia, kama karani anayehesabu magunia. Kupenda na kuchukia kutafuata baadaye, ikiwa kuna haja.

Neno la pili ni kukosoa. Watu wengi huliogopa neno hili kwa kudhani kuwa kukosoa ni kutafuta makosa. Tukilitazama umbo lake tutaona jambo jingine. Kitenzi kosa kimeambikwa kiambishi cha kutendua, kile kile tunachokiona katika ziba na zibua, funga na fungua, choma na chomoa. Basi, kwa umbo lake, kukosoa ni kulitendua kosa. Mkosoaji anayeonyesha kosa kisha akaondoka, asionyeshe pa kulifungulia, amefanya nusu ya kazi ambayo neno lenyewe linamtaka aifanye.

Neno la tatu ni picha, ambalo tumelikopa kutoka Kiingereza, na jirani yake taswira, ambalo wanafasihi wamelipa kazi ya kutaja picha ijengwayo akilini kwa maneno. Napendekeza tuyatenge maneno haya mawili na tusiyachanganye. Picha iwe ni kile kitu chenyewe, karatasi au kioo cha simu, chenye pande nne na mipaka inayopimika. Taswira iwe ni kile kinachobaki kwa mtazamaji baada ya picha kuondolewa machoni pake. Wahakiki wengi wa picha hugombana bure kwa sababu mmoja asema juu ya picha na mwenziwe asema juu ya taswira. Mmoja alalamika kwamba upeo wa macho umekaa upande. Mwingine ajibu kwamba picha hiyo ilimliza. Wote wawili huenda wanasema kweli, ila hawasemi juu ya kitu kimoja.

Lakini neno lenye mafunzo makubwa zaidi ni kitenzi kupiga. Wageni hupenda kusema kwamba Kiswahili humwona mpiga picha kama mpiga risasi. Hoja hiyo haina nguvu sana, kwa kuwa twapiga pia simu, pasi, hodi, mswaki na magoti, na hakuna anayeumia. Jambo lenye uzito limo katika minyambuliko ya kitenzi hicho. Tuitazame mitungo mitatu:

(a) Nilikwenda mjini kupiga picha.
(b) Alinipiga picha.
(c) Alinipigia picha.

Katika (a), msemaji aweza kuwa ndiye aliyeketi mbele ya kamera. Bibi wa Mwatate aliyevaa vizuri akaenda studio ya Voi hasemi kwamba alipigwa; husema alipiga picha, yeye na mwenye kamera wakiwa washirika katika tendo moja. Katika (b), msemaji ni mtendwa: kamera ilimjia naye akapatwa nayo. Katika (c), kauli ya kutendea inatuambia kwamba tendo lilifanywa kwa ajili yake, ama kwa ombi lake ama kwa faida yake. Sarufi yetu, bila ya msaada wa nadharia yoyote ya kigeni, imekwisha kumpa mhakiki swali lake kuu: huyu tunayemwona ndani ya picha amepiga, amepigwa, au amepigiwa?

Swali hili halimo katika fani peke yake, wala halimo katika maudhui peke yake. Limo katika uhusiano wa watu wawili, mmoja nyuma ya kamera na mwingine mbele yake. Uhusiano huo huonekana pichani kwa alama za macho, za umbali na za pembe. Kwa hivyo unaweza kuhakikiwa.

3. Picha za nchi ya Tsavo

3.1 Mzoga wa simba, 1898

Mwezi wa Desemba mwaka 1898, J. H. Patterson, Mwingereza aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli katika mto Tsavo, aliwaua simba wawili waliokuwa wamewala wafanyakazi wake kwa miezi mingi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Mwaka 1907 Patterson alichapisha kitabu chake, The Man-Eaters of Tsavo, kikiwa na picha. Picha iliyopata umaarufu kuliko nyingine yamwonyesha yeye mwenyewe pamoja na bunduki yake nyuma ya mzoga wa simba wa kwanza.

Kwa upande wa fani, picha hii inajua inachotaka. Mzoga umekaa mbele, karibu na kamera, kwa hiyo mnyama anaonekana mkubwa; mtu yuko nyuma yake, kwa hiyo ushindi wake unaonekana mkubwa pia. Simba wa Tsavo, kama ijulikanavyo, madume yao aghalabu hawana manyoya shingoni, na mtazamaji aliyezoea simba wa vitabuni angeweza kumdhania huyu kuwa jike. Ukubwa wa kiwiliwili unalifidia pungufu hilo. Mpangilio ni wa kawaida ya wawindaji wa zama hizo, wala si mbaya.

Upungufu wake upo katika kile kilichoachwa nje ya mipaka ya picha. Patterson mwenyewe aliandika kwamba wafanyakazi wa Kihindi walioliwa walikuwa 28, na kwamba Waafrika waliouawa hawakuwekewa hesabu yoyote rasmi. Hao wote hawamo. Mtu ataniambia kwamba maiti hawapigwi picha. Naam, lakini walikuwapo walio hai: waliolala juu ya miti kwa hofu, na waliogoma. Picha inaufanya msiba wa watu wengi kuwa ugomvi wa wawili, mzungu na simba. Tena simba hao waliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, nao wamesimama huko hadi leo, wakitazamwa na watu wasiowahi kuliona jina la hata mmoja wa walioliwa. Kwa kigezo chetu, simba amepigwa, Patterson amepiga, na wafiwa hawakupigiwa.

3.2 Mizoga ya ndovu kutoka angani

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na makao ya sehemu yake ya mashariki yako Voi. Mlinzi mkuu wa sehemu hiyo, David Sheldrick, aliitumikia hadi mwaka 1976. Katika ukame wa mwaka 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa kwa njaa. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano makali: mtafiti Richard Laws alishauri idadi ya ndovu ipunguzwe kwa kuwaua baadhi yao, na Sheldrick alishikilia kwamba maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, aliipiga picha mizoga hiyo kutoka kwenye ndege, na picha hizo zikaongezwa katika toleo la mwaka 1977 la kitabu chake The End of the Game, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1965.

Hizi ni picha zenye nguvu, na mhakiki asiyekiri hilo hatendi haki. Kuitazama mizoga kutoka juu kunaipa kila mmoja umbo la alama iliyoandikwa ardhini, na kurudiwarudiwa kwa alama hizo, ukurasa baada ya ukurasa, kunafanya kazi ile ile inayofanywa na takriri katika ushairi. Mtazamaji huanza kwa kushangaa, akaendelea kwa kuchoka, na mwishowe uchovu wake wenyewe ndio unaomfahamisha ukubwa wa janga. Hiyo ni fani iliyotumika kwa akili.

Ila takriri ina hatari zake, kama kila mwalimu wa ushairi ajuavyo. Mzoga ukishageuka kuwa alama, jicho huanza kuufurahia kama nakshi ya jamvi. Mtazamaji husahau kwamba anatazama njaa. Pembe ya angani nayo inamwondolea mpiga picha wajibu wa kusimama pale, kunusa, na kukutana na mtu. Watu walikuwapo. Wawaata, wanaoitwa pia Waliangulu, walikuwa wawindaji wa ndovu katika nchi hiyo tangu zamani, na katika miaka ya 1950 wengi wao walifungwa jela katika kampeni ya kuukomesha ujangili. Mabishano juu ya ndovu wangapi wafe na wangapi waishi yaliendeshwa bila wao, na picha za angani zinauendeleza ukimya huo kwa kuwa kutoka juu hivyo mtu haonekani. Msiba unaelezwa, wenyeji wa msiba hawatajwi.

Inafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1977 Kenya iliupiga marufuku uwindaji, na Susan Sontag alichapisha kitabu chake On Photography, ambamo aliitaja safari ya Afrika Mashariki kama mahali ambapo kamera inachukua nafasi ya bunduki. Sontag aliona sawa. Ila ukiyasoma hayo ukiwa Voi wajiuliza swali ambalo yeye hakulifikia: bunduki ilipowekwa chini na kamera ikashikwa, je, mkono ulioshika ulibadilika?

3.3 Ndovu asiye na rangi

Mfano wetu wa tatu ni wa karibu zaidi. Mwaka 2019 mpiga picha wa Kiingereza, Will Burrard-Lucas, alitoa kitabu cha picha za ndovu wa Tsavo, Land of Giants. Zilizoenea duniani zaidi ni zile za ndovu jike mzee aliyejulikana kwa alama za watafiti, F_MU1, ambaye pembe zake zilikuwa ndefu hata karibu kugusa ardhi, na ambaye alikufa kifo cha kawaida muda mfupi baada ya kupigwa picha. Picha hizo hazina rangi. Ni nyeusi na nyeupe.

Sifa ni haki yake. Kamera imewekwa chini na karibu, kwa hiyo ndovu anamwinamia mtazamaji, na mtazamaji anakuwa mdogo. Mikunjo ya ngozi inasomeka kama maandishi. Mzee huyu anapewa heshima ambayo mizoga ya Beard haikuipata, yaani heshima ya kuwa mmoja na si idadi. Ningethubutu kusema kwamba kwa kiasi fulani huyu amepigiwa picha, maana tumebaki na kumbukumbu ya mnyama ambaye sasa hayupo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mtu wa Voi ataliona kabla ya mhakiki yeyote wa London. Ndovu wa Tsavo ni wekundu. Hujimwagia udongo wa nchi yao, na udongo huo ni mwekundu. Wekundu huo ndio unaomtambulisha ndovu wa hapo mbele ya ndovu wa Amboseli au wa Samburu. Mpiga picha alipoiondoa rangi, alipata ukuu lakini akapoteza mahali. Ndovu wake angeweza kuwa wa popote, kama shujaa wa hadithi aliyenyang'anywa kijiji chake. Sisemi kwamba uamuzi huo ni kosa la ufundi, kwa sababu mikunjo ile isingejitokeza vile katika rangi. Nasema kwamba ulikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na mpiga picha. Uhakiki wa kweli hauna budi kuitaja.

Tena, katika picha hizi ndovu yuko peke yake na mbingu. Huko Sagalla, chini ya kilima kinachoonekana kutoka mjini Voi, wakulima wamekuwa wakizungushia mashamba yao nyua za mizinga ya nyuki tangu mwaka 2009 ili ndovu wasiyaingie, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Ndovu, nyuki na mkulima wa mahindi wanaishi katika picha moja kila usiku wa msimu wa mavuno. Picha hiyo ingekuwa ngumu kuuza nje, lakini ingekuwa na kweli nyingi zaidi.

4. Picha isiyofaa kupigwa

Uhakiki wa uwazi hauwezi kukomea kwenye picha za wageni, kwa maana nyani haoni kundule. Katika milima ya Taita yamo mapango yenye mafuvu ya wazee. Zamani Wataita walikuwa wakifukua kaburi la mzee baada ya muda, wakalichukua fuvu na kulihifadhi pangoni pamoja na ya wazee wa ukoo wake. Hapo palikuwa mahali pa ibada, pa kuomba mvua na afya. Siku hizi mapango hayo hutembelewa na watalii, na vijana wetu wenyewe hupiga picha humo.

Nyingi za picha hizo, zikipimwa kwa fani tu, ni nzuri. Giza la pango na mwanga unaoingia kwa mshazari hufanya kazi ambayo hakuna studio ingeiweza. Mhakiki wa ufundi atazisifu. Lakini tukiuliza swali letu, jibu ni la kutisha: mwenye fuvu hakupiga, wala hakupigiwa, na hata kupigwa kwake hakujui. Wenye sauti ya kumsemea ni watu wa ukoo wake. Ikiwa hao hawakuulizwa, basi hukumu ya picha hiyo haiko katika mwanga wala katika mpangilio. Mhakiki hana budi kusema wazi kwamba picha hii haikufaa kupigwa, na kwamba uzuri wake unaongeza kosa badala ya kulipunguza. Watakuwapo watakaosema kuwa hii si kazi ya uhakiki wa sanaa bali ya maadili. Jawabu langu ni kwamba wahakiki wetu wa fasihi hawakuikubali mipaka hiyo kwa riwaya, na sioni sababu ya kuikubali kwa picha.

5. Maradhi matatu ya uhakiki wa picha

Tukirudi kwenye maongezi ya kila siku, tunaona kwamba mtu anapomwonyesha mwenziwe picha yake, aghalabu hupata jibu la aina tatu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Mwatate amempiga picha mama mmoja akirudi na dumu la maji, jua la jioni likiwa nyuma yake na safu za mkonge zikikimbilia mlimani. Uso wa mama umekuwa mweusi tiititi kwa sababu mwanga wote umetoka nyuma.

Jibu la kwanza ni sifa tupu: “Safi sana, kaka! Hongera!” Jibu hili halina ubaya wa moyo, lakini halina kitu. Anayelisema hajaitazama picha. Kijana atapiga nyuso nyeusi mwaka mzima, akishangiliwa. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jibu la pili ni kejeli: “Huyu ni mtu au ni kisiki cha mkonge?” Watu watacheka, na msemaji ataonekana hodari wa maneno. Kejeli hujifanya ukweli, na kwa kweli kosa imeliona. Ila imelifunga badala ya kulifungua. Kijana ataificha kamera yake.

Jibu la tatu ni ufundi mtupu. Msemaji huanza kuuliza ni kamera gani, ni lenzi gani, kwa nini hukuongeza mwanga kiasi kadhaa. Haya yana faida yake, lakini huishia kumfundisha kijana kununua vifaa, na hayamwambii lolote juu ya yule mama.

Uhakiki wa uwazi ungekuwa hivi, kwa maneno ya mtu mzima kwa kijana: “Mwanangu, mistari ya mkonge inalivuta jicho mpaka mlimani, na hilo limefanyika vizuri. Lakini uso wa mama umepotea gizani. Mimi naona dumu kabla ya kumwona yeye, basi picha yanieleza juu ya mzigo, hainielezi juu ya mtu. Ikiwa mzigo ndio ulioukusudia, iache kama ilivyo. Ikiwa ulimkusudia mama, zunguka jua liwe ubavuni pake, tena msalimie kwanza. Je, yeye mwenyewe ameiona?”

Ndani ya maneno hayo mna hatua ambazo Edmund Feldman wa Marekani alizipanga kwa ajili ya uhakiki wa sanaa, yaani kueleza, kuchanganua, kufasiri na kuhukumu, nami nilizikuta zikifundishwa nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili. Ni hatua nzuri. Lakini swali la mwisho, “Je, yeye mwenyewe ameiona?”, halimo katika mpango huo. Limetoka katika kauli ya kutendea ya Kiswahili.

Tutazame pia viambishi. Mhakiki wetu ametumia viambishi vya ngeli ya i-zi anapoihukumu picha: yanieleza, hainielezi. Ametumia ni- anapoitaja hisia yake mwenyewe: naona. Kiambishi u- cha nafsi ya pili amekitumia kwa makusudio na kwa ushauri tu, hakukitumia kwa lawama. Hakusema “umeharibu” wala “hujui”. Wala hakujificha nyuma ya “watu wangesema”, ambalo ni kimbilio la mhakiki mwoga. Hapa nadhani tuna kanuni rahisi ya kufundishika: kosa lipewe picha, maoni yapewe mhakiki, na hiari iachiwe mpiga picha. Lugha yenye ngeli inamrahisishia mtu kazi hiyo kuliko lugha isiyokuwa nazo, maana kila kitenzi kinamlazimisha msemaji aamue anamhukumu nani.

6. Pingamizi la adabu

Liko pingamizi moja zito. Wako wanaosema kwamba uwazi wa namna hii ni desturi ya kigeni, na kwamba adabu ya watu wa pwani na wa bara humtaka mtu asitiri aibu ya mwenziwe. Nasaha, wasema, hutolewa faraghani.

Pingamizi hili lina kweli ndani yake, lakini historia ya lugha yetu haliungi mkono lote. Malumbano ya washairi yalifanyika hadharani. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na katika magazeti yaliyolifuata, washairi walijibizana kwa majina yao. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina na mizani yalizua mjadala mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mjadala huo ulikuwa na ukali uliopita kiasi mara nyingine, lakini ushairi wa Kiswahili ulitoka humo ukijijua zaidi. Kama ungenyamaziwa kwa ajili ya adabu, tungekuwa maskini zaidi.

Kwa hivyo adabu haitudai kimya. Inatudai tupambanue kazi na mtu. Kazi iliyotolewa hadharani yafaa ihakikiwe hadharani. Kasoro za mtu mwenyewe, umaskini wa kamera yake, ujana wake na kutojua kwake, hayo yabaki faraghani au yasisemwe kabisa. Tena kuna mtu wa tatu ambaye adabu inamhusu kuliko wote, naye ni yule aliyemo pichani. Mara nyingi tunapomstahi mpiga picha kwa kunyamaza, tunakuwa tumemvunjia heshima mama wa dumu. Mwenye kuuliza adabu i wapi, aulize kwanza i upande wa nani.

Mafundi wa zamani walilielewa jambo hili bila kuandika nadharia. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa ufundi wa kuunganisha picha katika chumba cha giza. Fundi wa studio wa namna hiyo alihakikiwa kila siku na mhakiki mkali kuliko sisi sote, yaani mteja aliyelipa. Picha isiyompendeza mteja ilirudishwa. Simu ya mkononi imetuondolea gharama ya filamu, na pamoja nayo imemwondoa mhakiki huyo. Leo aliyepigwa hana pa kuirudishia picha yake. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo ninayoona kwamba uhakiki unapaswa kuijaza.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina zana za kutosha za kuhakiki picha, na kwamba baadhi ya zana hizo, hasa kauli za kitenzi kupiga na viambishi vya ngeli, ni kali kuliko zile tunazoziazima. Tumezihakiki picha tatu za Tsavo, tukaona kwamba kila moja ina ustadi wake, na kila moja imemwacha mwenyeji nje ya mipaka yake: wafanyakazi wa reli, Wawaata, mkulima wa Sagalla. Katika mfano wa mapango tumeona kwamba mwenyeji naye aweza kutenda kosa lile lile akiwa na simu mkononi.

Lipo la kufanya. Idara zetu zinafundisha uhakiki wa fasihi simulizi na fasihi andishi; hakuna kizuizi cha kuongeza saa chache za uhakiki wa picha, wanafunzi wakileta picha walizopiga wenyewe makwao, wakazijadili kwa Kiswahili chenye istilahi thabiti. Mkao, pembe, mwanga, umbali, usuli na pambizo ni maneno yaliyomo tayari vinywani mwetu. Yanangoja kupewa kazi. Kila picha iletwayo darasani iulizwe nani amepiga, nani amepigwa, na nani amepigiwa. Ikiwezekana, jibu la swali la mwisho litafutwe kwa aliyemo pichani mwenyewe, kwa lugha anayoisema yeye, iwe Kiswahili, Kidawida, Kisagalla au Kitaveta. Hapo ndipo idara ya lugha itakapokuwa na neno la kusema ambalo idara ya sanaa haiwezi kulisema.